Gundi ya Kichwa cha Treni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mambo makubwa yananijia, na mtu wa mambo makubwa lazima aandike mwenyewe, wasije wengine wakasimulia vibaya.

Jambo lenyewe ni hili. Baba mkwe wangu, dereva wa treni mstaafu, hawezi tena kukaa peke yake. Ngazi za nyumba yake zinamshinda, na mara mbili amesahau jiko likiwaka. Ana mabinti wawili. Mkubwa ameolewa na daktari wa meno, ambaye kwa hiyo ni mwanyumba wangu. Mdogo ameolewa na mimi, fundi viatu. Wote wawili wanamtaka baba yao. Mzee amesema hapendi kugombaniwa kama kiti cha mbele. Atakuja kula kwetu Jumapili ya tarehe 16, sote tukiwepo, na siku hiyo atasema anahamia wapi.

Mke wangu amekwisha kutandika kile chumba cha nyuma. Ametandika, akatandua, akatandika tena. Jana nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anapangusa machozi kwa foronya. Nikamwambia atulie, aniachie mimi. Alinitazama. Sikuona kama amepata nafuu.

Sasa basi. Jana hiyohiyo mzee alinikabidhi boksi. Ndani kuna kichwa cha treni cha plastiki, cha kuunganisha mwenyewe, vipande mia moja na arobaini na viwili. Ni kilekile alichoendesha miaka thelathini na moja, ila hiki kinaenea kwenye sinia. Alikinunua alipostaafu, hajakigusa hata siku moja, maana mikono yake inatetemeka. Akasema angependa kukiona kimesimama kabla macho nayo hayajamuaga. Mwanyumba akajitolea palepale, eti kazi ya vitu vidogo ndiyo yake kutwa. Mzee akasema hapana, apewe fundi viatu.

Huu ni mtihani. Mke wangu anasema si mtihani, baba anataka treni yake tu. Yeye ni mtoto wake, hawezi kuona.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita duka la vifaa vya shule, mtaa wa pili, kuulizia gundi. Kwa udadisi tu. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na anapenda sana kufundisha. Akanitolea kichupa kidogo chenye brashi ndani ya kifuniko. Akasema hii ndiyo gundi ya plastiki. Kwamba haigandishi kama gundi nyingine, bali inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Kwamba nyingine zote nitajisumbua.

Nilimshukuru kwa adabu na kuondoka mikono mitupu. Ananifundisha gundi, mimi! Miaka ishirini na miwili nashikiza soli. Nina kopo la lita tano dukani. Viatu nilivyobandika vikisimama mstari mmoja, vinafika kituo cha treni. Kiatu kinabeba mtu mzima, kinapita kwenye matope, kinapiga teke mawe. Treni hii itakaa juu ya kabati. Nani zaidi?

Mwanyumba amepiga simu jioni kuuliza kama nahitaji vibano vyake vidogo. Nikamwambia ninavyo. Sina.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Nimeanza na tangi, lile pipa refu la mvuke, lenye nusu mbili. Nimefanya kama ninavyofanya daima: paka pande zote mbili, acha robo saa, ukigusa isishike kidole, kisha kutanisha na ugonge kwa nyundo. Nyundo nimetumia ile ndogo. Mimi si mshenzi.

Lo!

Plastiki ililainika kama siagi iliyosahauliwa juani. Nyundo ya kwanza, ikabonyea. Nikaishika haraka kuinyoosha, kidole gumba kikazama. Nilipokitoa, alama yangu ilibaki ubavuni mwa tangi, mistari yote, unaweza kunitolea kitambulisho. Nusu mbili zimeshikana, hilo sikatai. Zimeshikana huku moja imetangulia mbele kidogo.

Mke wangu ameuliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia kiatu cha mteja. Akauliza mteja gani anayetengenezewa kiatu kwenye meza ya chakula. Nikajitia sikusikia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nimetafakari. Nimepata ufumbuzi, na ni wa hali ya juu. Rangi!

Kichwa cha treni ni cheusi. Rangi nyeusi inaficha kila kitu, hata kidole gumba. Na kwa nini nisubiri mpaka mwisho, nihangaike kuingiza brashi kwenye vichochoro? Napaka vipande vyote sasa, kimoja kimoja, mbele na nyuma na kingoni, kisha nabandika vikiwa vimekwisha kupambwa. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hivi.

Nimepaka vipande mia moja na thelathini na vinne. Vinane vilivyobaki ni vioo vya madirisha na taa. Brashi ilikuwa inadondosha, nikatafuta cha kuifutia, nikapata karatasi moja kubwa iliyokuwa imekunjwa chini kabisa ndani ya boksi. Nzuri sana, inanyonya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekubali kujaribu kile kichupa cha brashi. Kwa haki tu, ili baadaye asiseme mtu kwamba sikujaribu. Lakini kwenda mwenyewe, thubutu! Mama wa miwani angenicheka mpaka miwani zote zianguke. Nimemtuma fundi cherehani jirani yangu, nikamwomba aseme ni ya kwake.

Amerudi nacho. Amesema mama alimwambia anisalimie.

Nimepaka. Nimekutanisha. Nimeshika nikahesabu mpaka mia mbili. Nikaachia. Puu, chini. Nikarudia. Rangi ikalainika ikawa uji mweusi, kipande kikateleza, kikaanguka tena. Magurudumu yote sita yamekataa. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi, na meza ya mke wangu pia, nimeifunika kwa kitambaa.

Nimeuziwa maji! Nimekwenda mwenyewe kulalamika, hasira zimenijaa, hata kwamba mnunuzi ni fundi cherehani nikasahau. Yule mama hakubishana. Aliuliza swali moja tu: je, kingo zina rangi? Maana gundi ile inataka ikutane na plastiki yenyewe, ikikuta rangi inayeyusha rangi, basi. Inabidi kukwangua kwanza.

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya familia. Nikatoka.

Kukwangua vipande mia moja na thelathini na vinne? Nilivyopaka kwa mkono wangu? Wapi!

Jumatatu, 10 Machi

Mwanyumba amekuja dukani. Eti kisigino cha kiatu chake kimelegea. Nimekishika: hakijalegea. Amekuja kupeleleza. Akaona treni, niliyokwisha kuihamishia dukani, ikiwa vipande juu ya gazeti, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kidole gumba. Madaktari wa meno wamezoea kuona matundu.

Hakucheka. Ndicho kinachoniudhi kwa mtu huyu, hacheki hata ukimpa sababu. Akasema kwa upole kwamba kwenye vioo nitumie gundi nyeupe ya mbao, inakauka ikawa angavu, na kwamba supaglu inatia vioo ukungu mweupe usiotoka. Akanitakia kazi njema. Akalipia kisigino ambacho hakikuharibika.

Nimekaa kitako nikamchambua. Mtu anayemtaka mzee ahamie kwake anakuja kunipa ushauri mzuri? Kwa lipi? Bila shaka anataka nitumie gundi ya watoto wa chekechea, vioo vidondoke mbele ya mzee. Basi kama yeye anasema supaglu ni mbaya, nimeijua dawa. Asante, Daktari.

Jumatano, 12 Machi

Imesimama!

Imesimama, imesimama! Supaglu kila mahali. Tone hapa, tone pale, hesabu kumi, tayari. Magurudumu sita, bomba la moshi, ngazi, kengele, chumba cha dereva. Kidole changu cha pili na cha tatu vilishikana kwa muda wa saa nzima, nikawahudumia wateja wawili kama mtu anayeapa. Lakini imesimama, nyeusi, inang'aa, na ukiitazama kwa upande wa kushoto tangi halionekani limepinda.

Vioo, ndiyo, vimeingia ukungu. Vyote vinane. Vimekuwa vyeupe kama jicho la samaki wa kuchemsha. Sikupepesa macho. Nimekwisha kupanga cha kusema: ni mvuke. Treni ya mvuke, ina mvuke. Atafurahi kwamba nimezingatia.

Mke wangu ameiona. Ameizunguka mara mbili. Kisha akasema imependeza, akaniomba tu Jumapili nisiongee sana. Nilimuona mikono yake inakunja na kukunjua ncha ya kanga. Anamtaka baba yake, masikini. Nami nataka awe naye. Hilo naliandika hapa kwa sababu mdomoni huwa halitoki sawasawa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa utulivu. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Walikuja saa saba. Mzee, shemeji yangu, mwanyumba. Tukala vizuri. Baada ya chakula nikaileta treni juu ya sinia, nimeifunika kitambaa cheupe. Nikatoa hotuba fupi. Mke wangu akanikanyaga mguu, nikafunua.

Mzee alisogeza kiti. Akavaa miwani. Akanyoosha ule mkono wake unaotetemeka, akaishika treni kwa juu, akainyanyua aione chini.

Juu ilikwenda. Chini haikwenda.

Magurudumu sita yalibaki kwenye sinia. Kisha ngazi. Kisha kengele, ikabingirika mpaka kwenye bakuli la machungwa. Bomba la moshi likasubiri kidogo, likaanguka peke yake. Ala! Mwanyumba akapiga magoti akaokota vipande chini ya meza, kimoja baada ya kingine, na wema wake ulinichoma kuliko kama angenicheka. Mke wangu akaangalia dirishani. Nikajua tumekwisha.

Mzee akauliza madirisha yamepatwa na nini. Nikasema ni mvuke. Akasema angekuwa na mvuke mwingi hivyo chumbani mwake, angeiva miaka thelathini na moja iliyopita. Akauliza hili shimo ubavuni ni la nini. Akanishika mkono, akachukua kidole changu gumba, akakiweka pale. Kikaenea barabara.

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa miwani. Shemeji akacheka, mke wangu akacheka huku analia, hata mwanyumba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nikatabasamu kama mtu aliyekusudia.

Mzee alipotulia akaulizia karatasi ya maelekezo. Nikasema haikuwemo. Akachungulia ndani ya boksi, akaitoa. Ile niliyofutia brashi. Aliisoma katikati ya madoa, midomo inacheza, muda mrefu. Kisha akaomba kisu kidogo, gazeti, na gundi iliyoandikwa humo. Nikaleta kichupa cha brashi. Akaeleza kwamba nilikuwa nimebandika rangi kwa rangi, ndiyo maana imeng'oka na rangi yake. Akaketi kukwangua kingo. Mkono ulitetemeka, lakini kukwangua kunavumilia.

Kisha akafika kwenye kubandika, akasita. Akaniambia nikutanishe bomba la moshi na tangi, niyashike kavu, bila gundi. Yeye akachovya brashi, akagusa mwanzo wa ule mstari mwembamba, mara moja tu, mkono ukimtetemeka vilevile. Na gundi ikakimbia yenyewe! Ikaingia ndani ya ufa mpaka mwisho wake kama maji kwenye mfereji. Hakuna kulenga. Unagusa tu.

Mzee akaitazama ile brashi. Akasema miaka tisa ameliweka boksi lile juu ya kabati, akidhani ni kazi ya mikono iliyotulia. Mke wangu akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Saa kumi mwanyumba akashika funguo za gari. Mzee akasema karatasi inataka kiungo hiki kikae siku nzima bila kuguswa. Akasema hawezi kukiacha na mimi. Akaomba aazimwe kanga ya kujifunika.

Jumatano, 19 Machi

Bado yupo. Jumatatu aliunganisha gurudumu la kwanza, likataka siku nzima. Jumanne la pili. Mwanyumba ameleta nguo za kulalia, kisha redio, leo godoro la mzee, maana mzee anasema letu linambonyea kiunoni. Kila anapokuja anaitazama treni na kusema inakwenda vizuri. Mzee anamwonyesha. Mimi nashika vipande na kunyamaza. Ndiyo kazi niliyopewa, kushika na kunyamaza.

Uamuzi hajatangaza. Nilimgusia jana, akasema nisimharakishe, gundi haiharakishwi.

Mke wangu anaimba jikoni. Amenishukuru. Nimemfichulia kwamba nilipanga tangu mwanzo: nilijua tukimpa treni nzima angeitazama na kwenda zake, lakini treni mbovu inamkalisha mtu. Akafunika sufuria, kisha akasema sawa. Naona ameniamini.

Jumamosi, 22 Machi

Hatari.

Asubuhi mzee alitaka kubandika gurudumu la sita. Kifuniko cha kichupa kimekwama. Nilikuwa nimekifunga mimi, gundi ikiwa shingoni, kikashikana na chupa. Nikajaribu, wapi. Kitambaa, wapi. Nikaenda kutafuta koleo. Niliporudi mzee alikuwa ameshakiuma.

Kifuniko kimefunguka. Mzee ana meno ya bandia, juu na chini; ya juu yamepasuka katikati.

Mke wangu akampigia mwanyumba. Nikasikia kila kitu. Mwanyumba akasema si neno, aletwe Jumatatu, akae kwao siku tatu mpaka meno yakae sawa, na bustani iko, atapumzika. Siku tatu! Kwenye nyumba yenye bustani! Huko viti vinaegemea nyuma vyenyewe. Atazoea. Siku tatu zitakuwa wiki, godoro litapakiwa tena garini, na mke wangu atarudi kukaa ukingoni mwa kitanda kile.

Nimemweleza hatari hiyo. Akacheka. Akasema baba amekwisha kuamua. Jana amefungua sanduku lake na kutundika makoti kabatini, na leo asubuhi amewaambia mabinti wote wawili kwamba anabaki hapa. Akaniomba, kwa jina la kila kitu, nisifanye chochote.

Makoti! Koti hutunduliwa kwa sekunde moja.

Jumapili, 23 Machi

Mzee amelala usingizi wa mchana. Meno yapo kwenye glasi, pembeni mwa redio. Yalikuwa.

Nimefikiri kwa kina, na hoja yangu haina tundu. Kosa langu la awali lilikuwa moja tu: niliamini gundi ya viatu inafaa kila kitu. Nakiri. Kumbe gundi inayofaa kila kitu ni hii ya brashi. Meno ya bandia ni nini? Plastiki. Yana rangi? Ufizi wake ni waridi uleule ndani na nje, nimekwangua nikahakikisha. Basi mwanyumba wa nini? Mzee akiamka meno yake mazima, safari ya Jumatatu imekufa, na daktari wa meno atajua katika ukoo huu fundi ni nani.

Nimefanya kila kitu kwa utaratibu. Nimeyakausha. Nimekutanisha ufa ukiwa mkavu. Nimegusa mara moja tu, na gundi imekimbia yenyewe, uzuri ulioje! Imekimbia hata kupita ufa, ikashuka kwenye meno yenyewe, ikaingia na pale yanapokutana na ya chini, maana nilikuwa nimeyafumba pamoja, ya juu na ya chini, ili yasitembee. Si neno. Ikizidi si inashika zaidi? Nimeyafunga kwa mpira, nimeyarudisha kwenye glasi kavu.

Yanataka siku nzima. Nimemwomba mke wangu aandae mahindi ya kuchoma kwa ajili ya baba yake, bila kumwambia kwa nini, nasikia anaimba. Mzee ameanza kujigeuza kitandani.